Nafasi ya Jibu

…na isitoshe alitabasamu, hilo ndilo lililokuwa likimtafuna, maana kunyamaza peke yake kungesameheka, mtu hunyamaza kwa kuwa koo limekauka, au kwa kuwa swali limemkuta anameza mate, lakini tabasamu lile alilitoa mwenyewe, hakuna aliyemshikia kisu, alilitoa likaenea mpaka masikioni kama mtu aliyepewa zawadi, na sasa ameketi hapa nje, kwenye benchi la mbao lenye msumari unaochungulia, mkoba mapajani, mlango wa chumba cha mikutano cha idara ya falsafa umefungwa mbele ya pua yake, na huko ndani jopo linajadili kama tasnifu yake ni shahada ya udaktari au ni karatasi za kufungia sukari, utaratibu ndio huo siku zote, mtahiniwa akishajitetea mbele ya watahini anaambiwa kwa sauti laini, sauti ya mtu anayetaka kukung'oa jino, "Tafadhali tupishe kidogo," naye anakusanya vikaratasi vyake anatoka, anakaa, anangoja mpaka mwenyekiti wa jopo afungue mlango, na mwenyekiti akisema "Daktari, karibu ndani," basi umepita, pongezi, picha, vigelegele, lakini akisema tu "Haya, ingia," ujue kuna maneno, na kila mtu katika ukumbi huu anaijua siri hiyo, hata mfagizi, hata katibu wa idara pale mwisho wa ukumbi, anayejifanya anapiga chapa huku masikio yote ameyaacha mlangoni… alitabasamu nini, jamani? Mtu anachukua kitu chako mbele ya macho yako, mbele za watu, wewe unamwonyesha meno.

Na swali lenyewe lilikuja mwisho, wakati ambapo hata yeye alishaanza kupumua, alishajibu habari za mbinu za utafiti, alishajibu mwenyekiti aliyetaka kujua kwa nini orodha ya marejeo haifuati mwongozo mpya, ndipo yule mtahini wa nje, mama mfupi aliyetoka chuo kingine na begi lake la magurudumu, ambaye tangu asubuhi kazi yake ilikuwa kupekua kurasa na kunyonya peremende, aliifunga tasnifu, akavua miwani, akaweka kalamu mezani, akasema, "Mwanangu, sura ya tatu nimeipenda sana, ndiyo moyo wa kazi yako. Ila hoja hii nimeshaisoma mahali, kwenye makala ya msimamizi wako. Sasa niambie wewe, hoja hii ni ya nani?" kisha akanyamaza, akamtazama, yeye, si msimamizi, akangoja, na kimya kile kilikuwa kirefu, au pengine kilikuwa kifupi, hawezi tena kukipima, anachokumbuka ni kwamba neno lilikuwa limeshaanza kupanda, lilikuwa hapa kooni, lilikuwa na uzito na ladha, na ndipo msimamizi wake akacheka kile kicheko chake cha baba wa watu akasema, "Aa, mama, haya mambo ya mwalimu na mwanafunzi! Hili tumelipika pamoja. Mbegu nilimpa mimi, yeye akaimwagilia vizuri. Kwa maana hiyo hakuna yangu wala yake," na meza nzima ikacheka, mwenyekiti akatazama saa, mama mfupi akavaa miwani yake polepole, na yeye, mwenye tasnifu, mwenye moyo wa kazi, akatoa meno… mbegu na mapishi ndani ya pumzi moja, profesa mzima, anayemrudishia mtu sura nzima kwa kosa la mkato. Wanafunzi wanamwita Kwa Maana Hiyo, kwa sababu hawezi kumaliza wazo bila maneno hayo matatu, na kila akiyasema ujue kinachofuata hakitokani kabisa na kilichotangulia.

Kicheko kingine ndani, mlango ni wa mbao nyepesi, maneno yanapenya nusu nusu, "…lakini ukitazama ukurasa wa…" halafu kiti kinaburutwa, halafu sauti ya mwenyekiti, "…tusiwe wakali mno, ni mama wa watoto…" mama wa watoto! kwani watoto wameandika tasnifu? Watoto walichofanya ni kumwagia uji sura ya kwanza… na sauti ya mama mfupi haisikiki, yeye husema chini, anamwona tu kichwani na peremende yake shavuni, atakuwa anasema nini, atakuwa anasema nilimuuliza, nikamngoja, hakujibu, atakuwa anasema hivyo na atakuwa na haki, maana kama hoja ni ya msimamizi, sura ya tatu inatoka, utaratibu hauna huruma hapo, tasnifu lazima iwe na mchango wa mtahiniwa mwenyewe, na sura ya tatu ikitoka kinachobaki ni kuta bila paa, atapewa shahada ya kuta? Na kama hoja ni yake, akisimama akasema hivyo, basi amemwita mwizi mtu ambaye sahihi yake ndiyo ya kwanza kutakiwa kwenye ile fomu ya mwisho, mtu aliyemwandikia barua za mapendekezo, aliyemtembelea hospitali alipojifungua mtoto wa pili na kumletea matunda na makala mbili za kusoma akiwa kitandani. Kote kubaya.

Na chanzo chake ni mkutano wa wazazi, si mbegu wala nini, mkutano wa wazazi katika shule ya mtoto wake mkubwa, ukumbi umejaa, viti vya watoto vinavyokufikisha magoti kidevuni, mwalimu mkuu ametangaza kwamba kiwanja cha kuchezea kitageuzwa maegesho ya magari, ametangaza na faida zake na mchoro wake, kisha akasema, "Kuna mzazi mwenye swali?" na huku anauliza mikono yake inakunja mchoro, mwalimu wa zamu anazima projekta, na dirishani, kila mtu anaona, lori la kokoto limeshamwaga mzigo, wazazi wakatazamana, mmoja akakohoa, mwalimu mkuu akasema "Naona tumeelewana," na jioni ikatumwa taarifa kwenye simu zao kwamba wazazi wameridhia kwa kauli moja… kauli moja, wakati hakuna aliyetoa hata kauli nusu, na yeye usiku ule, anaosha vyombo, ndipo lilipomjia, kwamba wanafalsafa wote anaowasoma wamelitazama jambo hili kwa upande wa aliyenyamaza, je, aliogopa, je, alielewa, je, kuishi kwake nchini na kutembea kwenye barabara za nchi kunatosha kuwa ni kukubali kutawaliwa, karne na karne watu wanampekua aliyenyamaza mifukoni, hakuna anayemgeukia aliyeuliza na kumwambia, hebu tuone, wewe ulipouliza, jibu uliliwekea nafasi wapi? Ulibakiza muda? Ulikuwa tayari lori ligeuze? Maana swali la kweli lina nafasi ndani yake, lina kiti kitupu, na pale ambapo hakuna kiti, kimya cha watu hakisemi lolote, si ndiyo wala si hapana, ni watu waliosimama tu kwa kukosa pa kukaa. Nafasi ya jibu, ndivyo alivyoliita, maneno ya jikoni, mikono ikiwa na povu.

Akampelekea Kwa Maana Hiyo kesho yake, alikimbia, hakutembea, akamweleza amesimama, akamweleza na lori na projekta, na yule bwana akaacha kuchezea simu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote wa chini ya mkuu wa kitivo, akasema, "Hebu rudia hapo," akarudia, "Hapo pa kiti," akarudia, na furaha aliyoisikia siku ile, anaikumbuka kwa aibu, furaha ya mtoto aliyesifiwa mchoro, akatoka pale anaelea… halafu mwaka ukapita kidogo, anatafuta marejeo mtandaoni, anakutana na makala mpya ya msimamizi wake, anaifungua kwa mapenzi kabisa, na humo ndani anakuta nyumba yake imepakwa rangi nyingine, nafasi ya jibu sasa inaitwa "usanifu wa uwezekano wa mwitikio wa kiraia," maneno yaliyovaa suti na tai, lakini kiti kimo, lori limo, hata projekta imo, na chini kabisa, kwenye tanbihi, anawashukuru "wanafunzi wangu kwa mazungumzo changamfu." Changamfu! Alikwenda ofisini kwake siku hiyohiyo, amejipanga, amejisemea maneno njia nzima, akafika, na kabla hajafungua mdomo yule bwana akainuka amenyoosha mikono miwili, "Umeiona makala? Nimekusafishia njia! Jopo halitakusumbua tena kwamba hoja yako haina mizizi. Kwa maana hiyo, sasa unaweza kuninukuu."

Naye akamnukuu… hapo ndipo anapotaka kujizaba kofi, akamnukuu, kwenye tasnifu yake mwenyewe, sura yake mwenyewe, wazo lake mwenyewe la kuoshea vyombo, akaandika "kama anavyobainisha" na kufungua mabano na kuweka jina la mtu mwingine na mwaka, tena si mara moja, maana ndivyo kazi yao ilivyo, neno halisimami kwa miguu yake, lazima liegemezwe kwa mtu, ukisema mvua ikinyesha watu hulowa unaulizwa nani amesema, basi akajinukuu kwa jina la jirani, na mama mfupi akafanya kama afanyavyo msomaji yeyote makini, akafuata mabano mpaka mlangoni kwa msimamizi. Utamlaumu? Alichokosea ni nini? Yeye tu ndiye aliyeuliza.

Simu ikatetemeka mapajani, ikatetemeka na mkoba wote, dada yake, dada yake mkubwa, nani mwingine, na katibu wa idara akainua macho juu ya miwani kwa jicho la usithubutu, na yeye akaipokea kwa kunong'ona, mkono umeziba mdomo, "Dada, bado." "Bado nini, Kimya? Wewe si umeshatoka?" "Wananijadili, nitaitwa." "Wanajadili nini tena na wewe umemaliza kusoma? Mimi nimeshawaambia watu umepita, shangazi hapa analia kwa furaha, kajaza leso." "Dada, sijapita!" "Utapita, acha mikosi. Umevaa lile gauni la bluu?" na kabla hajasema la bluu au la kijani, sauti ikageukia pembeni, "Amevaa la bluu!" na huko nyuma watu wakashangilia gauni, "Na umekula? Hajala huyu, namjua, tangu asubuhi na chai kavu, mpakulieni chake kabisa mweke pembeni." "Dada, umeniuliza au…" "Haya, haya, kata simu, watakusikia," na simu ikakatwa, na yeye akabaki ameishika sikioni, anasikiliza utupu, gauni alilovaa ni la kijani, na chakula alikula, alikula sana tu, akishikwa na hofu yeye hula.

Kimya, ndilo jina lake nyumbani, mpaka leo, mtu mzima, mke wa mtu, Kimya kaja, Kimya kalala, mpe Kimya mtoto, na lilitoka kwa dada huyuhuyu, wageni walikuwa wakija, mgeni anainama, "Na wewe mdogo unaitwa nani?" na yeye anafungua mdomo, anakumbuka vizuri kwamba alikuwa anaufungua, ni vile tu ulimi wake ulikuwa hauna haraka, ulikuwa unavaa viatu kwanza, na dada anatokea ubavuni kama mshale, "Huyu haongei, ana haya," na mgeni anasema oo maskini na kumpa peremende, basi, akawa haongei, akapewa peremende nyingi na jina moja, na dada hakuwa na ubaya, ndilo jambo gumu kulieleza, dada ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyempiga yule kijana mkubwa wa shule aliyemwita bubu, kampiga mpaka kiatu kikatoka, halafu akarudi nyumbani akamsimulia mama kisa kizima kwa niaba ya wote wawili, na mama alipomgeukia mdogo, "Kweli, mwanangu, alikwambia hivyo?" dada akasema "Kweli," na mama akaridhika, mama aliuliza kwa dhati kabisa, aliuliza amechuchumaa, amemshika mikono, nafasi ilikuwepo, kiti kilikuwepo…

Kiti kilikuwepo.

Subiri… hebu subiri, rudi nyuma kidogo, mama alichuchumaa, akangoja, na mama mfupi wa leo alivua miwani, akaweka kalamu, akangoja, hili ndilo swali safi kuliko yote aliyowahi kuulizwa chuoni, halina lori dirishani, lina muda, lina nafasi, limetimiza kila sharti aliloliandika sura ya tatu, na sura ya tatu inasema nini, anaijua kwa moyo, inasema pale nafasi ya jibu ilipoachwa kwa kweli, kimya ni mali ya aliyenyamaza na gharama zake ni zake, kaandika hivyo kwa mkono wake, kapigia na mstari, kwa hiyo kwa sheria yake mwenyewe ameridhia, amenaswa na amri yake, hukumu imetolewa na mshtakiwa… na ndani Kwa Maana Hiyo anasema jambo refu lenye kupanda na kushuka, na katikati yake wanacheka tena, na anasikia "…binti hodari, mimi ndiye nimemlea…" lakini hapana, hapana, kuna kitu hakikai sawa, maana yeye alikuwa anajibu, leo na siku ile ya kiatu na siku ya mgeni, hakunyamaza, alikuwa njiani, alikuwa anavaa viatu, na aliyeuliza alikuwa anangoja, wote wawili walikuwa wanatimiza wajibu wao vizuri kabisa, na bado jibu halikutoka kwake, lilitoka wapi? Lilitoka ubavuni. Kiti kiliachwa, na kabla hajafika mtu mwingine akakikalia.

Watatu. Wako watatu, na sura ya tatu ina watu wawili tu, anayeuliza na anayeulizwa, kurasa zote zile wamekaa wawili peke yao kama wachumba kwenye mgahawa, wakati maisha hayajawahi kuwa na wawili, daima kuna wa tatu amesimama ubavuni na jibu mkononi, mwalimu mkuu alipouliza kuna mwenye swali, si ndiyo, sasa anakumbuka, mwenyekiti wa kamati ya wazazi alisimama akasema "Wazazi wenzangu wanashukuru sana," na watu wakapiga makofi, yeye alikuwapo, aliyasikia makofi, alipiga makofi! na kwenye tasnifu hakuyaandika, aliyaona kama mapambo, na wabunge, nao, na vyama, na kila anayesimama mbele ya kipaza sauti akasema wananchi wanataka, wananchi wamechoka, wananchi wamenituma, hao hawazibi watu midomo, wanawahi tu kiti, na wengine wanakiwahi kwa mapenzi, kama dada, wengine kwa tamaa, kama huyu wa ndani, na ukiwa ndani ya kiti hutajua kama ulikiwahi kwa mapenzi au kwa tamaa, kitambaa chake ni kilekile laini… halafu likaja na lingine nyuma yake, hili likamkaa kifuani, kwamba sura ya pili yote, ile anayoandika "kimya cha wazazi wale kilikuwa kikisema," alimuuliza nani? Mzazi gani alimwambia? Aliwapenda, aliwahurumia, akawaandikia, akawajibia wote kwa mpigo, akapewa sifa na jopo kwa kuleta sauti ya wasiosikika, na yule mama aliyekohoa, siku ile, aliyekaa mbele yake na kitambaa cha njano, labda alikuwa anataka tu maegesho, labda ana gari.

Karibu acheke, akaziba mdomo, katibu wa idara akamtazama kwa huruma akidhani analia, na kweli macho yalikuwa na maji, lakini hayakuwa maji ya huzuni, au yalikuwa ya huzuni na jambo jingine, maana tasnifu yake ilikuwa na tundu, tundu kubwa kabisa pale katikati pa paa, mtu angeweza kupitisha meza, na jopo zima na digrii zake halijaliona, mama mfupi amelipapasa ukingoni tu, na Kwa Maana Hiyo aliyeichukua hoja na lori lake na projekta yake, akaivisha suti, akaizungusha kwenye makongamano ya nje, akapigiwa makofi, ameishi na tundu hilo mwaka mzima bila kujua, na hatalijua, hata akae na hoja hiyo uzeeni hatalijua, kwa sababu kutoka pale alipo halionekani, yeye ndiye aliyekalia kiti. Anaweza kuisifu hoja, anaweza kuipamba, anaweza kuisema kwa lugha nne. Hawezi kuona ilipokosea.

Na hasira, ile hasira iliyokuwa imemkaba tangu atoke mle ndani, ilikuwa bado ipo, isidhaniwe imeondoka, ilikuwa ipo na imevimba, lakini sasa ilikuwa imegeuka kidogo na kutazama mbele, maana alikuwa ameketi hapa muda wote anatafuta ushahidi, anajiuliza atathibitishaje, siku ile ofisini walikuwa wawili, hakuna aliyerekodi, neno lake kwa neno la profesa, na makala imetangulia tasnifu, na mabano yake mwenyewe yanamsaliti, angesema "ni yangu" nao wangemtazama kama mtoto anayegombea toi, lakini akisema ni yangu na imekosea hapa, na imekosea hivi, na mfano wake ni dakika ile mama uliponiuliza mimi akajibu yeye… hapo atacheka nani? Atacheka vipi? Kila mtu alikuwepo. Watakuwa wameshaliona kabla hajamaliza sentensi, mama mfupi atavua tena miwani, na Kwa Maana Hiyo, kwa mara ya kwanza, hatakuwa na kinachofuata.

Ila watamrudisha, hilo alilijua, hakujidanganya, mtahiniwa anayeliambia jopo kwamba tasnifu yake ina tundu harudi nyumbani na cheo, anarudi na marekebisho makubwa, mwaka mwingine, labda miwili, labda bila msimamizi, labda bila sahihi ile kabisa, na shangazi ameshajaza leso, na dada ameshapakua, na baba watoto aliyesema kwa utani asubuhi, "Nenda ukamalize, mke wangu, nimesahau sura yako ikiwa haijatazama kompyuta," utani wenye meno, yote hayo yalipita mbele yake moja moja na kila moja lilikuwa na uzito wake, na angeweza bado kukaa tu, akaitwa "Daktari, karibu ndani," maana hata hilo lilikuwa linawezekana, huyo bwana ana ulimi, huenda sasa hivi anampitisha, huenda ameshampitisha, mbegu na maji, hakuna yangu wala yake, na yeye atasimama pale apige picha kati ya msimamizi wake na mwenyekiti, akitabasamu, na tabasamu la pili hilo halitakuwa la bahati mbaya. Aliogopa, aliogopa hasa.

"Wamekawia leo," alisema katibu wa idara, ameacha kujifanya anapiga chapa, amekuja kasimama karibu na benchi na funguo zake kidoleni, mama mwema, amewaona wengi kwenye benchi hili, wengine amewapa maji, wengine amewapa leso. "Si kawaida yao. Lakini usiwe na wasiwasi, wewe ni mtu mpole, wanakupenda. Nikuulizie? Nikachungulie kidogo nijifanye naleta chai, niseme mtahiniwa anauliza mmefikia wapi?"

Akafungua mdomo, na ulimi, kama kawaida yake, ulikuwa bado unavaa viatu, na katibu, Mungu amjalie, hakusubiri, akaitikia mwenyewe, "Ee, ngoja nikuulizie," na ameshapiga hatua, mkono umeshanyooka kuelekea kitasa, na Kimya akamshika… akamshika upindo wa sketi, hakuna pengine pa kushika, akamshika kweli, mpaka yule mama akageuka amepigwa na butwaa.

"Hapana, mama," akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikaenda mpaka mwisho wa ukumbi ikarudi. "Ngoja. Nataka nijibu."

"Unijibu nini, binti yangu?"

"Ulichoniuliza. Jibu ni hapana. Nitauliza mwenyewe."

Katibu akamtazama, akatazama sketi yake, akasema "Haya basi," si kwa ubaya, akarudi mezani kwake, na funguo zikanyamaza, na ukumbi ukawa kama ulivyokuwa, msumari kwenye benchi, mkoba mapajani, na nyuma ya mlango sauti ileile ikipanda na kushuka, kwa maana hiyo, kwa maana hiyo, na hakuna aliyefungua, na yeye hakuinuka, alikaa wima, magoti pamoja, akilipanga lile neno mdomoni polepole, bila mabano, bila mwaka, bila jina la mtu wa kuliegemeza, ni yangu, na imekosea.